Mashada Sita ya Shirinbai

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, Jumanne, tarehe kumi Juni. Mashada sita ya sufu yalikuwa kwenye kamba, ndani ya nyumba moja ya mtaa wa Ndia Kuu, Mombasa. Yalikuwa yakidondosha maji. Aliyeyaanika, Shirinbai, alikuwa kitini kando yake. Alikuwa amefariki.

Wasikilizaji wapendwa, Shirinbai alikuwa na miaka sabini na minane. Kwa miaka arubaini alitia sufu rangi jikoni mwake, akafuma mashali. Maganda ya vitunguu aliyachukua kwa wauza mboga wa Makadara. Aliongeza hina, na shabu ili uzi ushike rangi. Alipima kwa kiganja. Hakuandika kitu.

Kyalo, karani wa reli, alimwagiza shali ya mamake, kisha akamtania: "Bai, joto lote hili la Mombasa, shali ya nini?"

"Kwani nakufumia wewe? Mamako akaa Mbooni kwenye baridi. Mwambie aje yeye anicheke."

Mwezi wa Mei shali hiyo ilikuwa imefika nusu. Sufu ya nusu ya pili ilikuwa imeanikwa kivulini. Siku ya tatu ilikuwa bado mbichi. Fariha, mke wa mwanawe Shirinbai, akaipandisha kwenye paa, juani, akidhani anasaidia. Kufikia alasiri ilikuwa imepauka upande mmoja.

"Ma, nisamehe."

"Si kosa lako. Kufuma nilikufunza, mambo ya rangi sikukufunza. Jumapili uje na kalamu."

Jumapili ile Fariha alikuwa na wageni. Jumapili ya pili alikwenda harusini Tononoka. Ya tatu alisema, "Wiki ijayo, Ma, wallahi." Hiyo ilikuwa tarehe nane Juni. Kesho yake Shirinbai alitia rangi upya, peke yake.

Fariha ameniambia: "Sikusahau. Nilidhani yupo tu."

Waliokuja kusaidia msibani waliosha vyombo vyote. Maji ya rangi yalimwagwa, sufuria ikasuguliwa. Kipimo hakikuandikwa. Narudia: hakikuandikwa popote.

Tunawapa pole Fariha, mumewe na jamaa wote. Nawe msikilizaji, kama kuna mtu aliyekwambia uje na kalamu, hesabu Jumapili zilizopita.

Alhamisi, saa kumi alasiri, Fariha aliishika sufu. Ilikuwa imekauka. Aliilaza juu ya shali ya mamake Kyalo, karibu na dirisha. Rangi ilikuwa moja. Sufu ilitosha shali hiyo tu. Akaketi kwenye kiti kile, akaanza kufuma.