Mchora Mabango na Kinyozi Aliyempita

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nasoma maisha ya kaka yetu kama alivyoyaishi, pamoja na kipande kimoja alichoagiza mwenyewe kisirukwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa seremala na mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1961 na kumaliza sekondari mwaka 1972, ambako mara nyingi alitolewa darasani kwa kuchora walimu wakafanana.

Mwaka 1974 alifungua karakana ya mabango karibu na soko kuu, akaandika bila rula majina ya karibu maduka yote ya barabara hiyo, na hakupenda kusikia mchoraji mwingine akisifiwa, hata awe amekufa.

Tarehe 18 Agosti 1979 alimwoa wifi yetu, karani wa posta, wakajaliwa mabinti wawili, mvulana mmoja na wajukuu watano.

Tarehe 2 Novemba 2017 daktari alithibitisha kuwa anaugua Pakinsoni, ugonjwa wa kutetemeka, na kliniki ikampa glovu yenye nyaya za kupima mwendo wa vidole, aivae nyumbani akicheza kwenye skrini mchezo wa kuokota mayai bila kuyapasua, alama zikienda kwa daktari na kwenye ubao walioutazama wagonjwa wote.

Kileleni mwa ubao huo alikaa kinyozi mstaafu wa mtaani kwetu, mgonjwa mwenzake, naye kaka akalalamika kwamba mtu aliyekata masikio ya nusu ya mtaa akiwa mzima sasa anampita kwa mkono mbovu, kinyozi akamjibu kwamba, mzee mwenzangu, yai si bango, halipakwi rangi.

Wivu ulimla, na Februari 2021 akambembeleza mkewe akisema, mama watoto, vaa wewe glovu hii, mara chache tu, wifi akamhurumia akavaa, kapu likajaa, kaka akapanda kileleni, akawa anapita mbele ya nyumba ya kinyozi akipiga mluzi. Daktari alipoona mkono umetulia hivyo, na kwa kuwa dawa zilimletea kichefuchefu, alipunguza dozi, mkono ukashindwa hata kijiko, lakini kaka akaona afadhali kulishwa kuliko kurudi mkiani.

Kinyozi alikuja kumpongeza, akamkuta analishwa, akaelewa bila kuambiwa, akasema, kumbe nimeshindwa na shemeji, kisha akampeleka kwa daktari akiri, dozi ikarudishwa, alama zikafutwa, kaka akaanza upya hadi nafasi ya pili, akimwonea wivu kinyozi hata kwa wema huo.

Alifariki kwa nimonia hospitalini tarehe 11 Oktoba 2024, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, majirani na wachora mabango wenzake. Nawe kinyozi uliyeketi hapo mbele, kaka aliagiza uambiwe hadharani, neno ambalo hakuliweza akiwa hai, kwamba nafasi ya kwanza ilikuwa yako kwa haki, ila uiombe kliniki isimfute kwenye ya pili, asije mwingine akakaa karibu nawe.

Kaka, tumelisoma kama ulivyotaka. Pumzika kwa amani.