Unyayo wa Klara

Mchomoko wetu, kigari cha abiria wa kubanana, haujafika hata nje ya Kahama, Mama Klara, aliyempakata binti yake, alishawaka. "Shikamoo nimekupa, baba, lakini la kurogwa sikubali! Daktari kasema mfupa wa kisigino unakua na mshipa unauvuta. Apumzike mbio, akandwe barafu, avae viatu laini." Mzee asiyemjua, aliyebanana naye, hakutetereka. "Mwanangu, mtoto akishinda mbio wanamchota unyayo. Wakishika mchanga aliokanyaga, kisigino hakiponi." "Mwalimu anasema anadeka, wewe unasema karogwa. Nani atakubali kwamba anaumwa?" Dereva aliongeza sauti ya redio, ndio mchango wake. Tuliposimama Ushirombo, Klara alishuka akichechemea. Mama akamfuata, bado anafoka, huku akifuta nyayo za mwanawe kwa kandambili.