Kichupa Namba Sitini na Moja

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya naye kazi, huyu tunayemsindikiza leo alikuja duniani siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha pili kutoka mlangoni, kwenye nyumba ya kupanga iliyotazamana na kiwanda cha viatu, akiwa mtoto wa kwanza wa mama muuza maandazi na baba mshona soli, na miaka sita baadaye akaletewa mdogo wake, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuwasomea karatasi hii, fundi lifti aliyepanda na kushuka katika nchi saba na mwisho akarudi palepale, ghorofa ya chini. Miwani anayoisomea ni ya marehemu, kwa hiyo mkiona anakosea mstari, msimlaumu marehemu.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 na kuimaliza 1970, akasoma sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, na humo ndimo tabia yake ilimojitokeza, maana mwalimu wa sayansi alipoleta hadubini moja kwa darasa zima, wenzake walichungulia mara moja wakaenda kucheza mpira, yeye akabaki na tone la maji ya dimbwi hadi kengele ya kufunga shule, na alipofika nyumbani amechelewa akamwambia mama kwamba alikuwa na wageni wengi. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha maabara, akahitimu Novemba 1978, na tarehe 1 Februari 1979 akaajiriwa katika maabara ya hospitali kubwa, chumba cha chini, dirisha moja, feni moja yenye kelele, na hapo akakaa miaka thelathini na minane.

Wafanyakazi wenzake walimwita Mzee Tiki tangu hajawa mzee, kwa sababu fomu yoyote iliyokosa tiki kwenye kisanduku aliirudisha ilikotoka, hata kama imeletwa na mganga mkuu mwenyewe, na kwa sababu mfukoni mwa koti lake jeupe hakikukosa kihesabio, kile kidude cha chuma cha kubofya kwa dole gumba, chenye tarakimu nne, ambacho sheria ya maabara inataka kirudishwe sifuri kila kazi inapoisha. Alihesabia seli za damu, ndiyo, lakini pia alihesabia ngazi, magari mekundu, na kwenye harusi ya pili ya mdogo wake alihesabia mara ngapi bwana harusi alisema safari hii nimebadilika, ikafika kumi na tisa, akaonyesha meza nzima.

Mke wake, fundi cherehani, alikutana naye mwaka 1983 alipokwenda kupima damu, kijana akamtoboa kidole kisha akasahau kukiachia, na binti akamwambia, "Kaka, unahesabu damu yangu au unanihesabu mimi?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Desemba 1984, wakajaliwa binti tarehe 5 Mei 1987, ambaye sasa ni mwalimu, na mvulana tarehe 30 Septemba 1991, fundi wa majokofu, na nyumba yao ilikuwa na kelele mbili tu za kudumu, cherehani na kicheko.

Mwaka 2013 ililetwa pale maabara kazi mpya ya utafiti juu ya saratani ya kibofu cha mkojo, watafiti wakitaka kujua kama seli za saratani zilizotoroka kibofuni na kuingia kwenye damu zinaweza kuonyesha mapema ni mgonjwa yupi yuko kwenye hatari kubwa. Damu ilichukuliwa kiasi cha kijiko kimoja na nusu cha chai, ikachujwa, ikatiwa rangi inayong'aa, na mtu mwenye jicho akatafuta seli mbili tatu katikati ya mabilioni, na jicho hilo lilikuwa la Mzee Tiki. Vichupa vilikuja na namba tu, bila majina, na kila mgonjwa alijaza fomu yenye visanduku kumi na vinne.

Tarehe 3 Agosti 2014 aliona damu kwenye mkojo wake, akajipima mwenyewe, akalificha jambo siku nne, akagunduliwa na mkewe, akapelekwa kwa daktari bingwa kwa kushikwa mkono kama mtoto wa chekechea, na hapo ukaonekana uvimbe, wa aina kali, lakini ukionekana bado uko juujuu ya ukuta wa kibofu. Daktari alimwekea njia mbili, ama wakwangue uvimbe, wamtie dawa kibofuni na kumchungulia kila miezi mitatu, ama watoe kibofu chote mapema naye aishi na mfuko wa mkojo ubavuni, na marehemu akachagua ya kwanza bila kuuliza, akisema hajawahi kutembea na mkoba wa aina yoyote na hataanza uzeeni.

Alikubali pia kuingia kwenye utafiti kama mgonjwa, akajaza fomu, visanduku kumi na vitatu vikapata tiki, na cha kumi na nne, kilichouliza kama mgonjwa ni mfanyakazi wa maabara ili kichupa chake kihesabiwe na mtu mwingine, akakiruka, yeye, Mzee Tiki, aliyewarudishia fomu wakubwa na wadogo.

Alhamisi ya tarehe 20 Novemba 2014 alihesabu kichupa namba sitini na moja akakuta seli tano, na jioni mezani akamwambia mkewe kwamba leo kuna mtu amemwonea huruma, hamjui, ila anatamani mtu huyo asicheze na muda. Wiki moja baadaye aliomba kwa maandishi aambiwe matokeo yake, kama utafiti ulivyoruhusu, nesi akafungua bahasha, akampa aisome mwenyewe, na namba iliyoandikwa pale ilikuwa sitini na moja.

Alirudi chumba cha chini, akaomba kioo chenye damu ya kichupa kile akihesabu upya, akapata tano, akahesabu tena, tano, na mara ya tatu, tano, kisha akaenda nyumbani akatangaza kwamba rangi ilikuwa mbaya. Mdogo wake, aliyekuwa amerudi safari siku hiyo na sanduku la sabuni za hoteli, aliona ndiyo nafasi ya kuwa na busara, akasema labda kweli, rangi za siku hizi zina ujanja, na shemeji akamtazama jicho lile ambalo hadi leo akilikumbuka anakaa vizuri kitini. Kisha shemeji huyo, mama wa nyumba, akasimamisha cherehani akamgeukia mumewe.

"Baba, wiki iliyopita hapahapa ulimwonea huruma mtu. Mtu huyo akija leo kukuuliza, utamwambia rangi ilikuwa mbaya?"

Marehemu alivua miwani, akaikunja.

"Nitamwambia akatolewe kibofu."

"Haya, mwambie."

Daktari alipoletewa hesabu ile hakuipamba wala hakuikuza, alisema si tarehe ya kufa wala si hati ya kuishi, ni dalili tu, ila ikiunganishwa na ukali wa uvimbe inamsogeza upande wa kisu, na Jumatatu ya tarehe 12 Januari 2015 kibofu kikatolewa, ikagundulika kwamba uvimbe ulikuwa umeanza kuchimba msuli, jambo ambalo mwanzoni halikuonekana. Mdogo wake alijitokeza kwa ushujaa kuchangia damu, akazimia kabla ya sindano, akachukua kitanda cha mgonjwa mwingine kwa saa mbili. Miezi mitatu ya dawa za mishipani ilifuata, nywele zikaenda likizo, zikarudi pungufu.

Ule mfuko aliupa jina la Katibu, kwa kuwa alikwenda nao kila kikao na ulitunza kila kitu, na mama akaushonea vifuniko vya kitambaa, cha bluu cha kazini na cha kijivu cha harusini, na akiwa na Katibu huyohuyo alirudi kazini, akastaafu tarehe 14 Machi 2017, akacheza muziki kwenye harusi ya binti yake, akawapokea wajukuu watatu, na alipopimwa damu mwaka hadi mwaka, mara ya mwisho Februari 2024, seli zilikuwa sifuri.

Kilichomchukua ni moyo. Alilazwa tarehe 2 Juni 2024 na kututoka Jumapili, tarehe 9 Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkewe na wanawe wakiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, miezi miwili na siku ishirini na sita.

Familia inamshukuru daktari bingwa kwa kusema ukweli bila kutisha, manesi wa wodi, wataalamu wa chumba cha chini walioacha feni ile ile kwa heshima yake, na majirani waliopika, kubeba viti na kuvumilia cherehani.

Jambo moja la mwisho mama ameruhusu lisomwe. Tangu asubuhi ya baada ya upasuaji, kila alipoamka, marehemu alibofya mara moja kihesabio alichokitenga kisitumike kazini, kabla ya chai, bila kumwambia mtu ila mama, na asubuhi ya Jumapili ile dole gumba lilipokosa nguvu, mama alikichukua mkononi mwake akambofyia. Kinasoma elfu tatu, mia nne thelathini na sita. Kazi imeisha, na sheria ya maabara tunaijua, lakini familia imekaa na kukubaliana kwamba hiki hakitarudishwa sifuri.

Lala salama, kaka. Hesabu yako tumeihakiki, ni sahihi.