Adelard, Msukaji wa Viti Aliyewatoa Watu Mkekani

Wasikilizaji wapendwa, salamu zangu kwenu nyote. Salamu kwenu mliokaa sebuleni kwenu, na kwenu pia mliojibanza nje ya duka la jirani kwa sababu redio ni ya jirani. Sogeeni karibu, leo nina mtu wa kuwaeleza.

Leo tunamkumbuka mtu wa Keko. Jina lake Adelard. Alikuwa msukaji wa viti, na alikuwa haoni. Amefariki mwezi uliopita, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa kifua. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Adelard, msukaji wa viti wa Keko, mtu asiyeona, aliyewatafutia kazi watu ambao sisi wengine tumezoea kuwaruka tukiingia dukani.

Huenda jina hulijui. Lakini kama umewahi kupita Temeke asubuhi ukamwona mama amebeba kiti kichwani, na nyuma yake mwanamume mrefu amemshika bega, ukacheka ukasema hawa nao kila siku wanahama, basi umewaona. Yule mama ni Tekla, mkewe. Hawakuwa wakihama. Walikuwa wakienda kumwombea mtu kazi.

Adelard alizaliwa Mahenge. Alikwenda vitani Burma na macho yake yote mawili, akarudi bila hata moja. Katika hospitali ya jeshi alifundishwa kusuka viti kwa henzirani, zile fito nyembamba zinazochanwa zikawa laini kama kamba. Alijifunza upesi. Vidole vyake vilikuwa vikipita kwenye vitundu vya kiti bila kuulizia njia.

Mwaka 1946 akaja Dar es Salaam na mkewe. Akaanza kutafuta kazi. Tekla anakumbuka ofisi moja ya mjini, ambayo sitaitaja. Waliingia, wakasimama mbele ya karani, na kabla Adelard hajafungua mdomo karani akasema, "Baba, sadaka hapa ni Ijumaa."

Adelard akamwambia, "Mie nimekuja kuuliza kazi."

"Ndiyo," karani akajibu. "Njoo Ijumaa."

Wasikilizaji wapendwa, Tekla alicheka aliponisimulia hayo. Lakini siku yenyewe hakucheka.

Mwishowe seremala mmoja wa Keko, Bwana Elinaza, alimwambia ajaribu. Karakana ilikuwa imejaa mbao, hivyo Adelard akatandikiwa mkeka nje, kando ya barabara, akawa anasukia hapo. Kazi ilikwenda vizuri mpaka Ijumaa. Ijumaa watu walipotoka msikitini, wakapita, wakamwona mtu asiyeona amekaa mkekani. Wakafanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya. Sarafu zikaanza kudondoka mkekani. Kiti kilikuwa mikononi mwake, kimesukwa nusu, wala hakuna aliyekiona.

Jioni Tekla alizikusanya, akanunua mboga. "Mume wangu hakuila ile mboga," ananiambia. "Alikula ugali mkavu na chumvi."

Bwana Elinaza naye aliona haya. Alisema watu watadhani amemweka kipofu mlangoni ili avute huruma za wanunuzi. Alikuwa karibu kumwachisha kazi. Adelard akamwomba kitu kimoja tu: kiti cha kukalia na meza ya kuwekea kazi yake. Ijumaa iliyofuata hakuna hata senti iliyodondoka. Mtu mmoja alisimama, akauliza, "Fundi, kiti hiki bei gani?"

"Alirudi nyumbani akilirudia neno hilo, fundi, fundi," anasema Tekla, "mpaka nikamwambia baba Avelina, nyamaza basi tule."

Hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanza. Habari zilienea. Mtu asiye na mguu akaja Keko kumuuliza alipataje kazi. Akaja mwingine asiyesikia, na mwingine aliyeachwa na mashine ya mkonge akiwa na mkono mmoja. Adelard aliwasikiliza. Hakumuuliza mtu amepungukiwa nini. Alimuuliza mikono yake inajua nini, pua yake inajua nini, na kama ana hasira za haraka. Kisha asubuhi anamshika Tekla bega, wanakwenda Temeke, au Ilala, mara nyingine mpaka Kinondoni, kuongea na wenye maduka na mafundi.

Maneno yake yalikuwa yaleyale kila mahali. "Usimhurumie. Mjaribu. Akishindwa, mfukuze kama unavyowafukuza wengine." Na kama mwenye duka akikubali, Tekla anatua kiti. Kila aliyepatiwa kazi na Adelard alikwenda kazini na kiti alichosukiwa na Adelard. Sharti lake lilikuwa moja: fundi hakai chini. Wengine walimfukuza, wakasema duka lao dogo, kiti hakina nafasi. Yeye alijibu kwamba mahali pasipo na nafasi ya kiti hapana nafasi ya mtu, akaondoka. Alikuwa mkaidi, wasikilizaji, tusimpambe. Tekla anasema kuna siku alitamani kukitupa kiti kile mtaroni, na mume wake pamoja nacho.

Sasa nawaeleza habari ya Mauwa, kwa sababu mkitaka kumjua Adelard, hapa ndipo mtakapomjua.

Mauwa ni binti wa Temeke. Miguu yake ilipooza akiwa mtoto, akawa anatembea kwa mikono. Alilelewa na bibi yake, Bi Mwanabaraka. Kila Ijumaa alikuwa akikaa mlangoni kwa Mzee Hilal, mwenye duka la vitambaa na kanzu, ambako wahitaji hupanga mstari kungoja sadaka. Siku nyingine alishona kofia nyumbani, na mkono wake ulikuwa mzuri sana. Tekla alimnunulia mumewe kofia moja. Adelard akaipapasa, akauliza imeshonwa na nani.

Akaenda kwa Bi Mwanabaraka. Tekla alimwamkia bibi shikamoo, wakakaribishwa, na Adelard akasema lililomleta. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Unasema vizuri, mwanangu," akamwambia. "Lakini Mauwa pale mlangoni ana nafasi yake. Akiondoka leo, Ijumaa ijayo yupo mwingine. Kazi ikimshinda, atarudi wapi?"

"Haitamshinda, bibi."

Tekla anasema alimbinya mumewe mkono, kwa sababu aliahidi haraka mno.

Wakaenda kwa Mzee Hilal, ambaye alikuwa amemwagiza Adelard viti vya duka. Na hapa mzee mwenyewe ameniruhusu niyaseme yote, kwani ni muungwana. Alikuwa na cherehani cha mkono, kile kisichohitaji mguu, kimekaa bila mtu. Lakini alitikisa kichwa. "Fundi Adelard, yule mtoto ni wa sadaka yangu. Nikimpa kazi, sadaka nimpe nani?"

"Bwana Hilal," Adelard akasema, "mji huu haujaishiwa maskini kiasi hicho."

Mzee akacheka, na kicheko kile kikampatia Mauwa kazi. Jumatatu alibebwa na bibi yake mpaka dukani, akaketishwa kwenye kiti kirefu cha henzirani, akaanza kushona kanzu. Siku ya kwanza alivunja sindano. Kufikia katikati ya wiki mishono yake ilikuwa imenyooka, hata mafundi wenzake wakaacha kumchungulia.

Kisha Ijumaa ikafika. Sikilizeni vizuri hapa. Katika duka lile mafundi hulipwa Jumamosi, ndani, mezani, kila mmoja akiitwa kwa jina. Sadaka hutolewa Ijumaa, mlangoni, kutoka kwenye bakuli la shaba. Ijumaa ile Mzee Hilal alitoka na bakuli lake kama kawaida. Akawapa waliopanga mstari. Halafu akarudi ndani, akaenda moja kwa moja kwa Mauwa, akachota kwenye bakuli lilelile, akamjazia kiganja. Ulikuwa mshahara wake wote wa wiki, na nyongeza juu. Akamwambia kama alivyomwambia kila Ijumaa tangu akiwa mdogo: "Pokea, mwanangu, utuombee dua."

Mzee alifurahi sana moyoni. Mafundi wengine walikuwa wanatazama.

Jumamosi Mauwa hakwenda kazini. Jumatatu hakwenda. Tekla akaenda kumuuliza, akamkuta anashona kofia uani.

"Kwani hakukulipa?"

"Kanilipa, mama Avelina. Kanizidishia. Lakini wenzangu wanaitwa kwa majina. Mie kaniambia nimwombee dua."

Na pale mlangoni, kama bibi alivyosema, alikuwa amekaa mtu mwingine. Bi Mwanabaraka hakumlaumu Adelard hata kwa neno moja. Alimpelekea salamu tu, na salamu zile zilimuuma kuliko matusi. Adelard alisuka kiti vibaya, akakifumua, akakisuka tena, akakifumua. Swali la bibi lilikuwa halimtoki. Atarudi wapi? Yeye ndiye aliyemwondoa Mauwa mahali pake. Sasa Mauwa hakuwa na mahali.

Ijumaa iliyofuata alimwambia Tekla wachukue kiti, waende Temeke. Tekla akauliza wanamtafutia nani kazi. Akasema, "Leo hatumtafutii mtu." Walipofika dukani kwa Mzee Hilal, akamwambia akitue kwenye mstari wa sadaka. Adelard akaketi hapo, katikati ya wahitaji, amevaa koti lake la kanisani. "Nilitamani ardhi inimeze," anasema Tekla.

Mzee Hilal akatoka na bakuli. Akaja akigawa, mmoja mmoja, mpaka akamfikia.

"Adelard! Umepatwa na nini?"

"Nimekuja kuchukua malipo ya vile viti ulivyoniagiza, Bwana Hilal. Nimesikia siku hizi mafundi wako unawalipa Ijumaa, mlangoni."

Watu wakacheka. Mzee Hilal hakucheka. Uso ulimwiva. Akasema hakuna mtu wa kuja kumfundisha dini yake mlangoni kwake, akafunga duka, akaenda msikitini. Wahitaji wakatawanyika. Tekla akamsihi mumewe waondoke kabla hawajaongeza aibu. Adelard akakataa. Akabaki pale juani, kwenye kiti, jasho likimtiririka.

Mzee Hilal alirudi peke yake. Hakufungua duka. Alikaa kwenye ngazi, chini kidogo ya Adelard. Kisha akasema, "Unadhani nilimdharau? Yule nimempa tangu anabebwa mgongoni. Mkono umezoea, Adelard. Ulikwenda wenyewe."

"Najua," Adelard akamjibu. "Hata wangu ungezoea kupokea, kama ningebaki mkekani. Mke wangu shahidi."

Hawakusema mengi zaidi. Alasiri ile Mzee Hilal alikwenda mwenyewe mpaka kwa Bi Mwanabaraka, akapiga hodi, akaomba radhi mbele ya mjukuu wake. Jumamosi Mauwa alikuwepo kazini, na mafundi walipoitwa mezani, jina lake liliitwa pamoja na yao. Tangu siku hiyo hajawahi kukosa. Leo yeye ndiye anayewafundisha mafundi wapya wa duka lile kukata kanzu.

Wasikilizaji wapendwa, nilikwenda kwenye mazishi ya Adelard. Watu walijaa uwanja mzima. Mzee Hilal alikuja na wanawe wote. Wengi waliopatiwa kazi walikuja, wengine kwa magongo, wengine wakishikwa mkono. Shemeji wa marehemu alikuwa amekaa mlangoni na sahani ya rambirambi. Mauwa akaja kwa mikono yake kama anavyotembea, kanga mbili safi, mchango wake umefungwa kwenye pindo. Kabla hajaifikia sahani, bwana mmoja mgeni, amevaa suti, uso wa huruma kabisa, akainama akamtia shilingi kiganjani.

Nilikuwa karibu. Niliona yote. Tekla pia aliona.

Mauwa aliitazama ile shilingi. Hakumrudishia, wala hakumkasirikia. Aliendelea mpaka mlangoni, akafungua pindo, akaweka mchango wake kwenye sahani. Kisha akaweka na ile shilingi. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Hii ni yangu mie, Mauwa, fundi cherehani wa kwa Mzee Hilal. Na hii ni ya yule bwana pale. Kanituma nimletee."

Yule bwana alisikia. Nadhani anatusikiliza hata sasa, na namsalimu, kwa sababu baada ya pale alivua kofia, akamfuata, akamuuliza anashona kanzu za namna gani.

Kwa mama Avelina, Bi Tekla, tunakupa pole. Tunajua bega lako limebaki bila mkono. Kwa binti yako Avelina, kwa Bwana Elinaza na mafundi wote wa Keko, kwa Mauwa na wenzake, poleni sana. Mungu ampokee Adelard, na ampe mahali pa kupumzika baada ya kutembea kote kule.

Nasi tuliobaki tujiulize. Ijumaa inakuja, na Jumapili pia, na milangoni watu watakuwepo. Sisemi usitoe. Toa. Ila kabla hujafungua kiganja, mwulize mtu huyo jina lake nani, halafu mwulize mikono yake inajua kazi gani. Na akianza kukujibu, usiondoke.