Mzee Lazima na Fomu Zilizokataa Kutumwa

Baada ya miaka thelathini na moja katika Idara ya Matengenezo ya hospitali yetu, mratibu wa kazi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Jina lake kamili lipo kwenye barua ya utumishi, lakini ukiliulizia kwenye korido zetu watu watakutazama tu. Ulizia Mzee Lazima, utaonyeshwa mlango.

Alianza kama karani wa mapokezi ya idara, akiwa na simu moja ya mezani na sauti ya kutosha kuwaita mafundi kutoka karakana bila kuigusa simu hiyo. Kompyuta zilipoletwa, wengi wetu tulizifunika vitambaa zisipate vumbi. Yeye aliifunua yake. Haukupita muda wodi zikaanza kutuletea taarifa kwa baruapepe, na shida ikaanzia hapo, kwa sababu taarifa nyingi zilisema hivi tu: "Imeharibika. Njooni haraka." Nini kimeharibika, na wapi, Mungu ndiye anajua. Fundi umeme alikuwa akipanda ngazi hadi ghorofa ya juu, kumbe anayesubiriwa ni mtu wa kuzibua sinki. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni fundi bomba, aliwahi kupelekwa na spana zake kwenye saa ya ukutani iliyosimama.

Mzee Lazima ndiye aliyegundua kwamba programu ileile ya baruapepe na kupanga kazi inamruhusu mtu kutengeneza fomu yake mwenyewe na kuiwekea makro, yaani maagizo madogo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe ukibonyeza kitufe. Hakufundishwa na mtu. Alikosea, akafuta, akakosea tena, akanuna, akarudi. Fomu iliyotoka ilikuwa na tabia zake. Ukichagua maji, inauliza kama yanavuja au hayatoki. Ukichagua lifti, kabla ya jambo jingine lolote inauliza kama kuna mtu ndani. Ukibonyeza kutuma, kazi inaingia moja kwa moja kwenye orodha ya fundi anayehusika na kazi hiyo katika eneo hilo, pamoja na siku ya mwisho na kengele ya kumkumbusha. Tangu hapo mwandishi hakupelekwa tena kutibu saa.

Jina la utani lilitokana na neno jekundu aliloliweka kwenye kila nafasi muhimu: Lazima. Usipoijaza, fomu haiendi. Daktari mmoja wa upasuaji alilalamika kikaoni kwamba siku hizi kuripoti balbu iliyoungua ni kama kuomba pasipoti. Mzee Lazima alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akarudi ofisini akaongeza nafasi nyingine ya kujaza. Si mtu wa kubembelezeka, na tusijifanye leo kwamba aliwahi kuwa hivyo, eti kwa sababu anaondoka.

Makro zake nazo zilikuwa na vituko. Kuna Ijumaa aliiagiza fomu imshukuru kila anayejibu. Watu wa stoo nao walikuwa wameiagiza yao ishukuru. Wikiendi nzima kompyuta mbili zilishukuriana bila mtu yeyote kuwa kazini, na Jumatatu stoo wakakuta hawana nafasi ya kupokea barua hata moja kwa wingi wa asante.

Hilo tulilicheka. Lililofuata halikuwa la kucheka. Namba ya chumba ilikuwa ya lazima, na korido haina namba. Bomba lilipopasuka kwenye korido ya wodi ya wazazi, muuguzi wa zamu alijaza fomu, ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma. Mwishowe akaandika sifuri, na makro, ambayo haikujua sifuri ni eneo la fundi gani, ikalipokea ombi ikalikalia kimya. Hakuna fundi aliyepata habari. Maji yalitambaa hadi chini ya vitanda, na mama mmoja aliyejifungua siku hiyo akateleza na mtoto mikononi. Walisalimika wote wawili. Mzee Lazima alikwenda wodini kumwomba radhi, ingawa hakuna aliyemtuma.

Kesho yake fomu ilikuwa na chaguo jipya, Mahali Pengine, na makro ilikuwa na mstari mpya: ombi lolote lisilo na mwenyewe liende kwenye simu yake, saa yoyote. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Miaka yote iliyofuata, maombi yasiyo na mwenyewe yakawa ya kwake: ndege aliyenasa kwenye tundu la hewa, harufu ya kuungua isiyojulikana inatoka wapi, mgonjwa anayeogopa taa inayopepesa juu ya kitanda chake. Alikuwa akiinuka katikati ya harusi za watu, anatoka nje kumtafuta fundi, anarudi chakula kimepoa.

Mkewe aliiita simu ile mke mwenza, tena mke mkubwa. Mwanzoni alisema akicheka. Miaka ikaenda, akawa anasema bila kucheka. Binti yao wa kwanza anaishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na ana mtoto ambaye babu yake hajapata kumbeba. Kila likizo ilipokaribia kulikuwa na kitu kilichogoma. Mzee alimwahidi mkewe kwamba akistaafu simu itanyamaza, na Jumatatu inayofuata watapanda basi pamoja. Tiketi zimeshakatwa. Mkewe alituambia hivyo mwenyewe, kwa sauti ya mtu ambaye bado haamini.

Kwenye kikao cha makabidhiano mambo yalikwenda sawa hadi tulipofika kwenye ule mstari mmoja. Mkuu wa idara aliuliza anwani ya nani iwekwe badala ya ile ya mzee. Mafundi tukatazama viatu vyetu. Hatukuwa na roho mbaya. Tuna familia zetu, na tulikuwa tumeona mstari ule ulivyomla mwenzetu. Mkuu akapendekeza, kwa heshima zote, kwamba maombi hayo yaendelee kumfikia mzee kwa muda, mpaka apatikane mtu. Mzee Lazima akavua miwani, akaifuta, akaanza kuitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayekubali yaishe. Ilikuwa wazi kwamba angekubali, na ilikuwa wazi vilevile kwamba mkewe angesafiri peke yake.

Mwandishi alisema iwekwe anwani yake. Hakuwa na hotuba ya ziada. Baada ya hapo ndimi zikafunguka: fundi umeme akasema basi tupokezane kwa wiki, na seremala akasema hana neno ila wiki yake isiangukie mwisho wa mwezi.

Mzee aliubadilisha mstari ule mbele yetu, kwa mkono wake. Kisha akajaza ombi la majaribio, nafasi zote, bila kuruka hata moja, akabonyeza kutuma. Simu ya mwandishi ikalia. Ya kwake, iliyokuwa mezani karibu na kiwiko chake, haikulia. Akauliza kama ombi limefika kweli. Akaonyeshwa. Baada ya kitambo akauliza tena. Mwandishi hana mazoea ya kuandika mambo ya moyo kwenye jarida la wafanyakazi, lakini kule kuuliza mara ya pili kulimchoma.

Kwa niaba ya mafundi, wauguzi na wote waliowahi kugombana na neno lile jekundu, tunakushukuru kwa kutufundisha kuuliza kwanza ndipo tukimbie. Nenda ukapumzike, umbebe mjukuu mpaka achoke yeye. Jumatatu ukiwa kwenye basi, simu yako ikilia, ipokee bila wasiwasi. Si sisi.