Damu ya Lerionka

Nje ya boma la Wajerumani pale Arusha palikuwa na gogo lililobaki baada ya ujenzi, na hapo ndipo wanaume walipokaa kunywa kahawa na kuamua kesi za dunia nzima. Asubuhi hiyo Lekishon alikuwa amefura kwa hasira. Kaka yake Lerionka midomo ilikuwa imempauka, akiguswa kidogo tu anavilia damu, na pua ikianza kumtoka damu haikomi. Juzi walimbeba hadi kwa daktari wa boma. Daktari akamtoboa kidole kwa sindano, akachukua tone moja, akasema damu hupikwa ndani ya mifupa na pombe imeuharibu upishi huo.

— Pombe! Lekishon alisema. Wazee wetu wamekunywa pombe ya asali tangu mlima huu uwepo, leo ndiyo ina makosa?

— Na hilo tone usilidharau, alisema Kisioki, aliyeitwa Daktari wa Ng'ombe kwa sababu aliwahi kumponya mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Huko Ulaya wanajaza pipa.

— Pipa gani? Ni barabara ya Moshi hiyo, alidakia Sumari, waliyemwita Shaushi, yaani sajini, kwa kuwa aliwahi kuwabebea askari masufuria. Tulipasua mawe pamoja. Kila ukigonga, uboho wa ndani ya mifupa unashuka miguuni. Ndiyo maana hasimami.

— Mimi kila siku nampelekea damu ya ng'ombe na uboho wa mguu, Lekishon alisema. Havimwingii. Ni ile sindano.

— Lakini aliugua kabla ya sindano, alisema Kisioki.

— Sindano ya Mjerumani huanza kuuma kabla haijafika.

Wote wakaafiki. Muuza kahawa akawajazia tena.

Ndipo akaja Nashilu, mke wa Lerionka, kanga yake ina madoa ya damu.

— Shikamooni.

— Marahaba, shemeji. Anaendeleaje?

— Fizi nazo zinatoka damu. Nimekuja kuuliza jambo moja. Mume wangu hajavuka mlango miezi miwili, na mimi sipiki pombe. Hiyo anayokunywa kila siku, nani anamletea?

Kisioki akatazama kikombe chake.

— Mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, Shaushi alinong'ona, lakini hakuna aliyemuunga mkono.

Kibuyu cha Lekishon, kilichozibwa kwa nyasi na kunukia pombe ya asali, kilikuwa katikati ya miguu yake. Alijaribu kukisukuma kwa kisigino chini ya gogo. Hakikuingia, na Nashilu alikuwa anakitazama.