Raundi Tisa za Kimya: Maisha ya Bernadine Hudak Palko

Bernadine Hudak Palko, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1944, katika nyumba ya wazazi wake, Mtaa wa Tanuri, mjini Kessler Falls, Ohio. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa marehemu Andrej na Zuzana Hudak. Alibatizwa siku kumi baadaye katika Kanisa la Mtakatifu Ladislaus, hapa hapa tulipokusanyika.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari ya mji, akahitimu tarehe 7 Juni 1962 akiwa wa pili katika hesabu. Lakini somo lililomkaa zaidi alilipata kwa baba yake akiwa na miaka minane. Mzee Andrej, mchoma vyombo vya udongo kiwandani, hakujua kusoma Kiingereza hata gazeti. Alichojua kusoma ni karatasi ya mchezo wa besiboli, ile yenye visanduku ambamo mtazamaji huandika kwa penseli kila mpira uliopigwa na kila mchezaji aliyetolewa. Jumapili moja alimpeleka Bernadine uwanja wa Wafinyanzi, timu ya kulipwa ya mji wetu, akampa penseli na kumwambia, “Andika ulichokiona, mwanangu. Usiandike ulichokitamani.”

Tangu siku hiyo Bernadine hakuhudhuria mchezo bila karatasi. Ameacha karatasi 1,914, zote zina tarehe na hali ya hewa.

Mwaka 1962 aliajiriwa katika Kiwanda cha Vyombo cha Ohlmann, akapaka kingo za dhahabu kwenye sahani kwa miaka thelathini na saba. Mkono wake haukutetemeka. Wasimamizi walimletea wanagenzi wakae wamtazame tu, maana hakuwa hodari wa kueleza.

Tarehe 8 Oktoba 1966 alifunga ndoa na Leonard Palko, fundi bomba. Walijaliwa watoto wawili, Rosalie na Gerard. Leonard alipenda besiboli kiasi, soseji za uwanjani alizipenda zaidi, na hapo ndipo palipozuka jambo ambalo Kessler Falls nzima inalijua.

Kila mpenzi wa besiboli huomba aone walau mara moja mchezo ambao mrushaji wa timu yake anawanyima wapinzani pigo hata moja, raundi zote tisa. Katika uwanja mmoja inaweza kupita miaka ishirini jambo hilo lisitokee. Likianza kunukia, desturi ya majukwaani ni moja tu: halitajwi. Anayelitaja analivunja. Bernadine alikuwa mtu wa kanisa, hakuamini bahati wala mikosi, ila hili aliliamini.

Jumamosi, tarehe 15 Julai 1978, raundi ya nane, Leonard alirudi na soseji zake akauliza, “Nimekosa nini?”

Bernadine, macho kwenye karatasi, akajibu kama karani anavyojibu, “Hujakosa kitu. Hawajapata pigo hata moja.”

Mpira uliofuata ulipigwa ukaruka juu ya kichwa cha mlinzi wa kulia, pigo la kwanza. Jukwaa zima likamgeukia. Walt Sobczak, muuza nyama, aliyekuwa kiti cha nyuma, akasema taratibu, “Bi Palko, umetuzika.”

Kuanzia hapo, kila alipofika uwanjani, Walt alimpokea kwa maneno yale yale: “Karibu, jirani. Mdomo umeuacha nyumbani?” Bernadine alicheka na wengine. Nyumbani hakucheka. Yule mrushaji, kijana wa miaka ishirini na miwili, aliachwa na timu majira yaliyofuata, na Bernadine alimwandikia barua ya kuomba radhi ambayo haikujibiwa. Alimwambia dada yake, Irma, kwamba anamwomba Mungu nafasi moja tu nyingine ya kukaa kimya mpaka mwisho. Aliingoja miaka arobaini na mitano.

Leonard alifariki tarehe 2 Februari 2009. Novemba 2021 Bernadine aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu kukakamaa, na tangu Machi mwaka huu alipumua kwa msaada wa chupa ya oksijeni. Daktari alimruhusu mchezo mmoja tu. Alichagua Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2023, akasindikizwa na Rosalie, aliyekuja kutoka Oregon na ambaye besiboli haimhusu. Walt, sasa ana miaka themanini na minane, alikuwa kiti cha nyuma kama kawaida.

Ilipofika raundi ya saba, Rosalie alitazama kipimo cha chupa. “Mama, imebaki robo. Twende nyumbani.”

Bernadine akatikisa kichwa.

“Kwa nini? Unaumwa? Sema basi.” Mama yake akaendelea kuandika. Rosalie akageuka nyuma. “Mzee Walt, mwambie huyu rafiki yako.”

“Mimi nakula karanga,” akasema Walt, akitazama mawingu.

“Mnanichezea nyote wawili?”

Bernadine akamgeuzia karatasi, akapitisha ncha ya penseli polepole juu ya visanduku vya wapinzani, mstari baada ya mstari, vyote bila alama ya pigo. Rosalie alifundishwa kuvisoma utotoni. Alipofumbua mdomo, mama yake akauziba kwa kiganja.

Rosalie akainuka, akashuka mbio hadi chumba cha huduma ya kwanza, akaomba chupa nyingine. Mhudumu akamuuliza, “Mgonjwa amebakiwa na robo chupa, na mnangoja nini hapa?” Rosalie akanyoosha kidole uwanjani. Mhudumu akatazama ubao wa matokeo, akafunga mdomo, akaibeba chupa mwenyewe, ngazi arobaini na moja, akaifunga mwanzoni mwa raundi ya tisa na kubaki amesimama pale pale.

Mpigaji wa mwisho aliupiga mpira juu sana. Mlinzi wa kushoto alirudi nyuma hatua sita, akaudaka, na raundi tisa zikaisha bila pigo. Bernadine, ambaye kwa miezi mitano hakuwa amesimama bila kushikwa, alisimama peke yake. Akaandika alama ya mwisho akiwa wima, na mkono haukutetemeka.

“Haya, jirani,” Walt akasema, machozi yakimtoka. “Sasa ongea.”

Akaongea. Kutoka uwanjani hadi nyumbani ni maili kumi na moja, na alisimulia kila mpira, huku Rosalie akimsihi, “Mama, pumua kwanza.”

“Nitapumua tukifika,” akasema.

Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 28 Septemba 2023, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kitandani kwake, baada ya kupokea sakramenti. Aliagiza karatasi zake zote ziende maktaba ya mji, asizikwe na hata moja, kwa kuwa ni kumbukumbu na si mapambo.

Ameacha binti yake Rosalie, mwanawe Gerard na mkewe Denise, wajukuu wanne, dada yake Irma, na jirani zake wa jukwaani wakiongozwa na Walt Sobczak.

Bwana ampokee kwa furaha ile aliyoondoka nayo uwanjani, na ampe raha isiyokoma.